Wanavyomtukana Mama Mkwe Ndivyo Magodoro Yanavyouzika

Admin, naomba jina langu ulifiche, maana huku Masasi tunajuana. Nina miaka ishirini na tisa, nimeolewa, nina mtoto mmoja. Tunakaa Mkomaindo, na hadi juzijuzi tulikuwa tunaishi na mama mzazi wa mume wangu. Nimechoka, ndugu zangu.

Mama huyu ni mcheshi. Siku moja nilikuwa nachemsha ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, sufuria ikaungua, akaanza kunitania kwa lafudhi yake ya Kimakonde. Mume wangu akarekodi, akaweka mtandaoni. Watu wakacheka, wakatufuata wengi. Tukaendelea kuweka nyingine, na mama mwenyewe alifurahia.

Ndipo akaja mfanyabiashara mmoja wa magodoro. Akasema atatulipa, godoro lake lionekane kwenye video zetu. Akamwambia mume wangu, "Bibi akicheka, watu wanapita. Akimfokea mkwewe, wanabaki, wanabishana kwenye komenti, na godoro langu wanaliona. Mimi nalipia macho yao."

Basi mama akaambiwa afoke. Akafoka, akijua ni maigizo. Alinisukuma nitoke kwenye godoro, akaniita mvivu, na tulipomaliza akashika mbavu kwa kucheka. Komenti zikamiminika: mchawi, roho mbaya, afe ili binti wa watu apumzike. Yule bwana akapiga simu kushukuru.

Mama hana simu ya kuperuzi. Alikuja kujua kanisani, wenzake walipoacha kukaa naye benchi moja. Sokoni nako binti mdogo, badala ya shikamoo, akamwambia, "Bibi mchawi, mwache mkweo." Alirudi nyumbani. Akaniuliza, "Hivi mwanangu, nimewahi kukunyima nini?" Nililia. Kesho yake akafunga nguo zake kwenye kanga, akaenda kwa mdogo wake kule kijijini Makote.

Nilitaka tuweke video ya kusema ukweli, kwamba huyu ndiye aliyenihudumia nilipojifungua kwa upasuaji kule Ndanda, akilala chini kando ya kitanda changu. Mume wangu akasema video ya hivyo haina mtazamaji. Sasa yeye na yule bwana wamepanga niende Makote, nimpigie mama magoti mbele ya kamera, nimkabidhi godoro jipya. "Hiyo ya msamaha itaangaliwa kuliko zote," anasema. Godoro limeshaletwa, limeegemezwa sebuleni na nailoni yake.

Jana mama alipiga kwa simu ya mdogo wake. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu. Njoo unione, umlete na mjukuu wangu. Ila mwambie mume wako simu yake aiache huko."

Nilimfikishia mume wangu maneno hayo. Akanijibu, "Nitasimama mbali, hataniona."

Najua wengine wenu mlimtukana mama huyu. Siwalaumu, mliona tulichowaonyesha. Lakini nikienda kimyakimya, ndoa yangu sijui kama nitaikuta. Nikienda na mume wangu, namuuza mama kwa mara nyingine. Ninyi mliomtazama kila siku, ingekuwa ni mama yenu, mngetaka mimi nifanyeje?