Mke Wangu Anataka Jina la Mwanamke Ambaye Hakuwepo

Mhariri, ficha jina langu na rangi ya lori langu pia, maana barabara ya Mombasa yote inanijua. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, kwetu ni upande wa Mutomo. Shule niliacha darasa la nne lakini dunia nimeisoma hadi nyuma ya kitabu. Kampala nimelala, Kigali nimelala, Bujumbura wananiita kwa jina. Wazungu nimewachekesha kwa Kiingereza ambacho hata mimi mwenyewe sikielewi. Na mtu huyu mzima leo anapika ugali wa mtu mmoja, na unabaki.

Vijana hawawezi kujua, lakini miaka ile Mkenya kukaa na pesa ya nje ilikuwa makosa. Ukipata dola unazikimbiza benki, unaulizwa nani amekupa, kwa nini, na ulikuwa unamfanyia nini, kisha unapewa shilingi kwa bei yao. Mfuko wako si wako, ni wa karani. Mimi nilikuwa nabeba mizigo ya mzungu mmoja wa misheni hadi Burundi, na kila nikifika salama ananishika mkono na noti iko ndani ya ule mkono. Zilikuwa jasho langu. Lakini dereva mwenzangu aliyekaa na zake kidogo, kisha akaingia benki kuuliza tu, alitoka na pingu.

Nikafikiri kama mtu aliyetembea. Kwetu Ukambani mzinga wa nyuki una alama ya ukoo, na hakuna anayegusa mzinga wa mwingine, hata mwizi wa mbuzi anauogopa. Wanawake ndio hawausogelei kabisa. Nilikuwa na mzinga mmoja ambao nyuki walihama, unaning'inia juu ya mgunga kule bondeni. Nikatia dola ndani ya mkebe wa kakao, mkebe nikautia ndani ya mzinga. Nikajipiga kifua, benki gani ina askari kama huyu?

Mke wangu, nitamwita Mama Kavata, sikumwambia. Huyu ni mtu wa kanisa, hajui uongo hata ule mdogo wa kusema niko njiani. Chifu akimuuliza atajibu, tena atamshukuru kwa kuuliza. Nilinyamaza ili tusifungwe wawili.

Shida ni kwamba kila nikitoka safari nilikuwa napitia bondeni kwanza. Siku moja akanisimamia mlangoni na mwiko mkononi.

"Baba Kavata, watoka wapi?"

"Kwa mizinga."

"Moto wa kufukuza nyuki uko wapi?"

"Nimeuacha huko."

"Na asali?"

"Bado."

"Na hawajakuuma hata sikio." Akanizunguka kama askari wa barabarani anayetafuta taa mbovu. "Basi huyo nyuki wako ana miguu miwili. Amepanga wapi, Mtito Andei?"

Mimi nikacheka. Wasomaji, Mtito Andei ndipo madereva hulala, na mnajua kulala huko kunavyosemwa. Mume akitajiwa Mtito Andei kisha akacheka, kesi imeisha.

Halafu ikaja ile njaa tuliyoiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika, kwa sababu watu walikuwa na pesa mkononi na duka halina chakula. Tukapanga foleni ya mahindi ya manjano. Mama Kavata alikuwa na ng'ombe mmoja aliyepewa na baba yake, alikuwa akimwongelesha kama mtoto. Akamuuza kwa bei ya kuku, mbavu zimetoka. Akarudi na kamba tupu, akaitundika ukutani. Mimi nilikuwa nimekaa hapo, na dola ziko bondeni. Kuzibadilisha ni jela, na mfungwa halishi mtoto. Hivyo ndivyo nilijiambia. Mpaka leo sijui kama nilijiambia ukweli au woga.

Mvua iliporudi, yeye akaenda. Alichukua mtoto, sufuria na ile kamba, akarudi kwao Mukuyuni. Mlangoni alisema, "Huyo mtu wako angekuwa na jina ningemlilia nimalize. Sasa nalilia upepo."

Miaka imepita, Kavata ameolewa. Siku hizi serikali imefungua, dola zinabadilishwa mchana kwenye duka lenye kibao. Nilipanda ule mgunga magoti yakilia. Noti zote ziko, zinanuka nta. Nikakaa chini ya mti na utajiri wangu, na hakukuwa na mtu wa kumwonyesha.

Mwezi uliopita shemeji, kaka yake Mama Kavata, alinikuta nikinywa supu hotelini, naye akaagiza yake.

"Shemeji, dada amechoka kukaa kwa mama. Anasema umtajie yule mwanamke mbele ya pasta, uombe msamaha, atarudi na sufuria zake."

"Na kama hakukuwa na mwanamke?"

"Shemeji, usinichekeshe nikiwa na mfupa mdomoni! Taja yeyote. Taja hata marehemu!"

Nikamuuliza kama ile kamba ya ng'ombe bado iko. Akasema iko ukutani juu ya kitanda chake, hataki iguswe.

Sasa mnaona nilipokwama. Mwanamke wa uongo atasamehewa, namjua mke wangu, atamwombea hadi ammalize. Lakini nikimpelekea mkebe, atauangalia, halafu ataangalia ile kamba. Sijui kama kuna pasta wa kusimama katikati ya hivyo viwili.

Mkebe uko hapa mezani karibu na ugali uliobaki. Jina nalo nimeshalitafuta, nimepata zuri hata mimi nimeanza kumpenda huyo mama. Kina mama wa ukurasa huu, ninyi hasa ndio nawauliza: ingekuwa ni ninyi, mngetaka nifike Mukuyuni na nini?