Riwaya Iliyoandikwa Chooni

Miaka ile ya soko huria kila mtu Dodoma alikuwa na mradi. Jirani yangu alifuga kuku sebuleni, mume wangu aliuza vipuri vya baiskeli baada ya saa za kazi, na mimi, mpiga chapa wa serikali na mama wa watoto wanne, nilikuwa naandika riwaya. Mradi wangu tu ndio haukutaga.

Ofisini nilichapa barua za wakubwa mpaka vidole vikaota sugu. Nyumbani Area D, kila nikishika kalamu mtu aliita, "Mama!" Nikagundua kwamba kuna mahali pamoja tu ambapo mama haitwi. Basi nikawa naficha daftari ndani ya khanga, najifungia chooni uani, nakalia ndoo niliyoipindua, naandika. Nzi walinisumbua, lakini nzi hawaombi uji.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka kijijini kwao Busi. Siku ya tatu akaniita kando.

"Mwanangu, tumbo limekuanza lini?"

"Tumbo gani, mama?"

"Usinifiche. Jana umekaa huko mpaka maharage yameungua."

Ningesema nini? Nikakubali kwamba naumwa. Akachemsha mizizi aliyokuja nayo, akanisimamia mpaka nikamaliza bakuli zima. Dawa ilikuwa chungu kuliko shubiri, na jioni ile, kwa mara ya kwanza, nilikwenda chooni bila daftari, tena mbio.

Baada ya wiki nzima ya dawa nikasalimu amri. Alipokuja na bakuli, nilimpa daftari. Akaligeuzageuza, hakujua kusoma.

"Ni nini hiki?"

"Hadithi, mama. Ndiyo ninayoiandika huko."

Nilitegemea matusi. Akavuta kigoda. "Nisomee."

Nikamsomea sura ya kwanza: mwanamke ana mume anayejua bei ya kila kitu sokoni, ila hajui watoto wake wako darasa la ngapi. Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu.

"Huyu mume namjua," akasema. "Nilimzaa mwenyewe."

Tangu hapo akawa mlinzi wangu. Watoto wakinitafuta, aliwafukuza: "Mwacheni mama yenu, tumbo bado." Mume wangu alipouliza kama nipelekwe hospitali, alijibiwa kwamba ni mambo ya kike, akanywea. Lakini ulinzi haukuwa wa bure. Kila Ijumaa mama mkwe alidai sura mpya, na isipompendeza aliamuru niibadilishe. Mjumbe wa nyumba kumi wa mle hadithini, ambaye mimi nilitaka atubu, yeye alimtumbukiza shimoni, na kusema kweli riwaya ilinoga.

Gazeti moja jipya la watu binafsi liliichapa vipande vipande, likaruka sura mbili ili kuweka tangazo la sabuni. Mume wangu aliisoma yote, akisonya.

"Mume huyu mpumbavu kweli," akaniambia. "Wanawake wengine wanavumilia mengi!"

"Mengi sana," akasema mama yake, na kuinuka haraka kwenda jikoni kucheka.

Mwaka uliofuata nilipunguzwa kazini. Nikapata siku nzima ya kuandika, mlango wazi, mezani, kama watu. Kwa miezi sita sikuandika hata mstari.