Kiwiko cha Mama Irudi

Shangazi yangu alikuwa na pua. Najua kila mtu anayo, lakini yake ilikuwa ya kazi, kama mkasi wangu mimi fundi cherehani. Kwa miaka thelathini alisimama kwenye mlango wa soko la samaki, aproni ya mpira kiunoni, na hakuna trei iliyoingia ndani bila kupita chini ya uso wake. Alifunua shavu la samaki kwa kidole gumba, akanusa mara moja, kisha akaigonga trei na kutoa hukumu kwa neno moja: "Ipite," au "Irudi." Neno la tatu hakuwa nalo. Wachuuzi walimbembeleza, walimtania, wengine walimtukana hadharani, wapi! Na kwa kuwa neno la pili lilimtoka mara nyingi zaidi, wakambandika jina la Mama Irudi. Alilipokea bila kinyongo.

Kati ya trei na trei alikuwa na tabia yake. Alikunja mkono, akazamisha pua ndani ya kiwiko, akavuta pumzi ndefu, ndipo akainamia trei nyingine. Nilipokuwa mdogo nilidhani anajifuta kamasi, nikamuuliza kwa nini hanunui leso. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Pua inachoka, mwanangu," aliniambia. "Lazima uirudishe nyumbani kwanza, ndiyo uitume tena. Na harufu ambayo mtu haisikii kabisa ni ya ngozi yake mwenyewe. Hapo kwenye kiwiko ndipo nyumbani."

Mimi niliolewa mbali, juu milimani, kwa hiyo mtambo wa kuchimba mafuta ulipopasuka baharini nilisikia redioni kama watu wengine. Soko lilifungwa siku ileile. Kampuni ilileta ndege, ikanyunyiza dawa, mafuta yakazama chini na maji yakang'aa upya, tena mapema kuliko walivyoahidi. Wanawake wa soko, shangazi akiwa mmoja wao, waliajiriwa kusugua mawe ya ufukweni kwa matambara. Walisugua miezi minane. Kisha siku moja akanipigia simu, sauti imechangamka kama ya msichana.

"Jumatano wanaleta samaki wa majaribio. Maabara imeshasema maji ni salama, limebaki neno langu tu. Nishonee gauni. Siku hiyo nitasema ipite mpaka koo likauke."

Nilimshonea gauni la bluu lenye mifuko miwili mikubwa, maana hakuwahi kuvaa gauni lisilo na mifuko. Nilililaza kwenye mfuko wa nailoni, nikalifunga kwa utepe, nikapanda basi.

Niliteremka Jumanne mchana, na kabla mguu wa pili haujagusa chini nilitaka kurudi ndani. Hewa ilikuwa nzito kwa mafuta. Sisemi harufu ya kupita, ya gari bovu. Ilikaa kooni, ina utamu wa ajabu, kama nimelamba sakafu ya karakana. Nilifunika pua kwa mtandio na kumuuliza mama mmoja wa duka, pale stendi, kama kuna tanki limepasuka.

"Tanki?" Alinitazama kwa upole. "Ah, wewe mgeni. Harufu iliisha zamani, dada."

Akanichomolea soda, akaifuta shingo kwa kitambaa, na kitambaa kile kilinuka vilevile. Niliishika ile chupa mpaka nyumbani kwa shangazi bila kuinywa. Barabara nzima ilikuwa safi, imefagiliwa. Milango ya ghala za samaki ilikuwa na kufuli zenye kutu, magari ya mahoteli hayapo, nyavu zimegeuzwa kuwa uzio wa bustani. Watu walinisalimia, wakavuta pumzi vizuri, wakatabasamu. Nilijiona mwendawazimu peke yangu katika mji wa watu wenye akili zao.

Shangazi alinikumbatia mlangoni, na ile harufu ikanijia kutoka shingoni mwake.

"Unaumwa?" aliuliza.

"Shangazi, huku kunanuka mafuta."

"Kulinuka. Mwanzoni tulitapika, hata chai haikupita kooni. Halafu asubuhi moja nikaamka imekwisha, kama mtu amezima taa. Nikatoka nje kuwaambia majirani. Nao kwao imekwisha, wiki ileile, nyumba hadi nyumba." Alicheka. "Wewe una pua ya milimani, imezoea vumbi na mbuzi."

Jioni alikuja mwanawe, fundi wa kiwanda cha barafu. Tangu soko lifungwe mashine yake haijazalisha hata kipande cha kutia kwenye glasi. Alikaa na mtoto wake mapajani, na hakuzungusha maneno.

"Mama, kesho ukisema ipite, nawasha mashine saa hiyohiyo. Ukisema irudi, sina budi kuhama na familia. Nimeshaongea na mtu wa kiwanda kingine, kule bara."

"Unanitisha mimi?"

"Nakuomba."

Shangazi alimtazama mjukuu wake muda mrefu. Hakuwa na mtu mwingine katika mji ule. Mimi nilipeleka kijiko mdomoni na kukirudisha, maana mboga nayo ilikuwa na mafuta yale.

Asubuhi soko lilijaa watu kama harusini. Sakafu ya saruji ilikuwa imeoshwa, mizani imefutwa vumbi, na juu ya meza ya mlangoni trei kumi na moja zimepangwa. Ofisa wa samaki alisimama na cheti chake, mtu muungwana, kalamu imeshafunguliwa. Nilisimama kwenye nguzo, leso puani, mkoba wenye gauni begani. Shangazi alikuwa amekataa kulivaa kabla ya kazi ili lisichafuke.

Alifunua shavu la samaki wa kwanza, akanusa. Nilikuwa hatua nne kutoka pale na harufu ya mafuta ilipenya leso yangu. Yeye akaigonga trei.

"Ipite!"

Vigelegele vilipasua bati. Mwanawe alishika kichwa kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Shangazi naye alikuwa anatabasamu, na katika tabasamu lile akakunja mkono, akaingiza pua ndani ya kiwiko. Ndipo nikaona. Mikunjo ya ngozi pale ndani ilikuwa na mistari myeusi, myembamba, iliyozama kama wino. Miezi minane ya kusugua mawe. Alikuwa anairudisha pua nyumbani, na nyumbani kwenyewe kumeshakuwa mafuta.

Niliogopa. Lakini nilipiga kelele.

"Shangazi, subiri!"

Watu waligeuka. Nilifika mezani, nikakata utepe kwa meno, nikamwekea lile gauni mikononi.

"Nusa hili kwanza."

"Niko kazini," alisema, na macho yalikuwa makali kweli.

"Ulinifundisha mwenyewe. Irudishe pua nyumbani, lakini leo si kwako. Kwangu."

Hakupenda. Ila alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi hawezi kukataa kupima. Alizamisha uso kwenye kitambaa cha bluu na kukaa humo muda mrefu, mabega yanapanda na kushuka. Alipoinua kichwa hakumtazama mtu. Alimfunua yule samaki wa kwanza, akanusa, akarudi nyuma kama amepigwa kofi. Kisha, polepole, akanusa mkono wake. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukianguka namna ile.

Aliigonga trei. "Irudi," alisema. "Na zote. Zirudi."

"Mama!" Mwanawe alikuwa ameshakamata samaki na kumbandika puani. "Mimi nanusa hapa, hakuna kitu!"

"Najua, mwanangu."

Wanawake wa soko walisogea. Walikuwa wamemtazama shangazi miaka yote, kwa hiyo walijua inavyofanywa. Walikunja mikono, wakazamisha pua kwenye viwiko vyao, ukumbi mzima umeinamisha vichwa kimya kama kuku waliolala. Kisha wakanusa samaki na kuinuka mmoja mmoja.

"Safi."

"Safi kabisa."

"Mimi nasikia samaki tu."

Nilitaka kukimbia. Shangazi aliwapitishia gauni. Wa kwanza alilinusa, akanusa samaki, akamdondosha na kuanza kulia. Wa pili vilevile. Wa tatu alililaza usoni, akamnusa samaki, akalinusa tena gauni, akatikisa kichwa.

"Sioni tofauti," alisema. "Yote mamoja."

Nililichukua. Watu wanne tu walikuwa wamelishika, na lilishanuka kama wao.

Ofisa alifunika kalamu yake. Bila neno la mlangoni hakuna cheti, alisema, na Jumatano ijayo wataleta trei nyingine. Watu walitoka bila kutukana. Afadhali wangetukana. Binamu yangu alipita karibu na mama yake bila kumgusa.

Alhamisi niliamka nimechangamka. Dirisha lilikuwa wazi, chai ilikuwa tamu, na nilikula mkate vipande viwili kabla shangazi hajakaa.

"Hewa ya leo nzuri," nilimwambia.

Aliweka birika chini. Alitoka, akarudi na samaki mmoja wa jana kwenye sahani, akamfunua shavu mbele ya uso wangu.

"Nusa."

Nilinusa. Nikanusa tena, kwa nguvu. Alikuwa samaki.

Shangazi aliburuta mkoba wangu kutoka chini ya kitanda na kuanza kutupia nguo zangu ndani bila kuzikunja.

"Basi la saa tatu. Pitia kwa mwanangu umwambie nimesema aondoke leo. Na mke, na mtoto. Asije kuniaga, atabadili mawazo."

"Na wewe?"

"Jumatano wanakuja." Alifunga zipu. "Ukifika nishonee kitambaa, hata cha ukubwa wa leso. Kifunge vizuri, ukitume Jumanne. Kila Jumanne."

Nimetuma hadi leo. Kila Jumatano hunipigia simu na kuniambia neno moja, lilelile, nami husikia nyuma yake ukumbi ukiwa kimya.

Siku niliyofika milimani mume wangu alinifungulia mlango, akafungua mikono, kisha akarudi hatua moja nyuma na kuuliza nimejipaka nini. Niliinusa mikono yangu. Haikuwa na harufu yoyote. Kitambaa cha kwanza sikukishona mimi, fundi cherehani. Nilimwomba jirani akishone, mimi nikasimama mbali, nje ya dirisha lake.