Siku Nilipopakwa Zambarau Gulioni Nkwenda

Chekeni kabisa mmalize, kisha nisimulie, maana nikishaanza hamtanipa nafasi: mimi ndiye yule dresa aliyefungiwa kwenye kibanda cha wagonjwa wa kifua, mchana kweupe, siku ya gulio, na watu wale wale aliokuwa akiwatibu, tena kwa maneno aliyowafundisha mwenyewe. Aibu yake bado ninayo. Nikipita Songambele kuna wazee ambao mpaka sasa wananisalimia huku wamejishika mdomo.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Zahanati yetu ilikuwa chumba kimoja cha tofali karibu na gulio la Nkwenda, na pembeni kibanda cha wanaokohoa damu, walale humo wakisubiri lori la kuwapeleka hospitali kubwa. Madresa tulikuwa watatu: Bwana Andrea, mkubwa wetu, mimi niitwaye Filimoni, na Petro, rafiki yangu wa tangu shule, ambaye naye alianza kukohoa, akakonda, akapelekwa huko huko alikokuwa akiwapeleka wagonjwa. (Alipona, msihuzunike, alirudi akaoa.) Lakini siku ile alipopanda lori amejifunika blanketi kwenye jua kali, niliapa kwamba hapa kwetu hakuna mwingine atakayeambukizwa kazini, na mimi nikiapa sirudi nyuma.

Bwana Andrea alikuwa na kinga yake, kitambaa cha pua, yaani amerikani iliyokunjwa na shashi katikati, unafunga kisogoni, jioni unakichemsha. Sikukipenda. Kilinijaza jasho, watoto walikiona wakalia, na Ma Kokubanza, bibi aliyekuwa amelazwa kibandani, aliniambia waziwazi, "Mtu akiongea nami amejificha mdomo, mimi najua ananisengenya."

Basi nikatengeneza changu. Hospitali kubwa walikuwa wakitupa jalalani picha za vifua, zile nyeusi za eksirei, nikaomba chache, nikazisugua kwa maji ya moto na magadi mpaka mbavu za watu zikatoka na kubaki karatasi ngumu inayoonyesha upande wa pili kama kioo, nikaishona kwenye mkanda wa ngozi ya ng'ombe, nikaivaa kwenye paji la uso ikaning'inia mpaka kidevuni. Nikaiita kioo cha uso. Mgonjwa ananiona, namwona, navuta hewa kama mtu wa Mungu. Nilijiona nimemaliza kazi.

Bwana Andrea alikizungusha mkononi, akakitazama juu, akakitazama chini.

"Mbele kinazuia vizuri," akasema. "Na huku chini?"

"Chini kuna kidevu," nikamjibu (jibu ambalo nalijutia).

"Ugonjwa huu tunauvuta na pumzi, Filimoni. Kidevu hakivuti pumzi."

Tukabishana mpaka tukakubaliana tufanye jaribio, mtu ajaze maji kinywani, anipulizie usoni kama anayekohoa, tuone yanafika wapi. Yeye akataka tufanyie nyuma ya jiko, kwa maji ya chai, akirudi kutoka Mabira alikoitwa kumtazama mama aliyeungua. Akapanda baiskeli akaenda. Na hapa ndipo nilipojiharibia, kwa jambo dogo tu: chai naiona haina rangi ya kutosha, watu wa mbali hawataiona, nikachukua ile dawa ya zambarau tunayopaka watoto wenye vidonda vya mdomoni. Na kumsubiri sikumsubiri. Nikasema gulio limejaa, wenye ng'ombe wapo, wenye kahawa wapo, nikithibitisha mbele yao hakuna atakayenibishia tena.

Wa kupuliza nilimpata Zakaria, mpiga tarumbeta wa kanisani, mwenye mapafu ambayo Jumapili hutikisa mabati. Nilichosahau kukitazama ni kimo chake. Zakaria ni mfupi, mimi mrefu, kwa hiyo mdomo wake ulikuwa unatazama kidevu changu kutoka chini.

Nikapanda juu ya kigogo cha mwuza nyama (mrefu kama nilivyo, bado nikajiongezea!), nikawahutubia watu, nikavaa kioo changu, nikasema, "Puliza, usinionee huruma."

Hakunionea. Ilikuja kama mvua ya mawe. Kioo kikageuka zambarau mbele yote, watu wakashangilia, nami nikainua mikono kama mbunge, nikakivua kwa maringo niwaonyeshe uso safi.

Mama mmoja mwenye ndizi akasema, "Mawe!" (kwetu ndiyo "mama wee"), na gulio zima likaangua kicheko.

Dawa ilikuwa imepita chini. Kidevu, midomo, matundu ya pua, meno, vyote zambarau. Nyingine nilikuwa nimeivuta, nikaanza kupiga chafya na kukohoa, nikajifuta kwa mkono wa shati, ikapanda mashavuni. Nikakimbilia mtungi wa zahanati nikajisugua kwa sabuni, ikakataa. Nikasugua kwa majivu, ngozi ikavimba, zambarau ikabaki pale pale, ila sasa ilikuwa imewekewa wekundu kuzunguka.

Nilipotoka tena nilikutana na watu waliokuwa ndiyo kwanza wanaingia kutoka Songambele. Wao jaribio hawakuliona. Walichoona ni dresa anayetoka kwenye nyumba ya wagonjwa anakohoa, amevimba, mdomo umeoza rangi, na nyuma yake Zakaria naye hivyo hivyo. Ndizi zikatupwa, mbuzi wakaachiwa, mtu akapiga kelele kwamba kifua kimezaa ugonjwa mwingine. Nami badala ya kunyamaza nikawafuata nikiwaeleza (nakohoa), na kadiri nilivyowafuata ndivyo walivyozidi kukimbia.

Akaja mkungu, mkubwa wa kijiji chetu, fimbo mkononi, akasimama mbali nami.

"Dresa, ni nani alitukataza tusichangamane na mtu anayekohoa?"

"Ni mimi, waitu, bwana mkubwa, lakini hii ni dawa tu."

"Na ni nani alisema mgonjwa akikataa kuingia kibandani tusimsikilize?"

"Ni mimi, waitu."

"Basi ingia."

Zakaria alijaribu kunitetea, ila kila alipofungua kinywa watu waliona ulimi, wakarudi hatua nyuma. Tukaingia wote wawili. Mlango ukakomewa kwa nje.

Ma Kokubanza alikuwa amekaa kitandani. Akatutazama, mmoja, halafu mwingine, akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kile kibaya, cha damu. Zakaria akajibana ukutani. Hapo sikuwa na wa kumwonyesha ubishi wangu. Nikatoa kitambaa cha pua mfukoni, nikakifunga, nikamfunga Zakaria cha akiba na kumsukumia dirishani penye upepo, juu ya changu nikavaa kioo nilichokisuuza kule mtungini na kukishika mkononi muda wote, nikamshika bibi mgongo, nikamwekea kopo ateme. Matone yakanirukia mpaka kwenye kioo usawa wa macho. Nikayaona yakiteleza, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba kwa kitambaa peke yake yangeniingia machoni, na kioo peke yake kingeniachia pua wazi, na kwamba mimi na Bwana Andrea tulikuwa tunabishana bure.

"Pole, mama," nikamwambia alipotulia.

"Pole wewe," akasema. "Mimi nikipona nitakuwa na rangi yangu."

Bwana Andrea aliporudi kutoka Mabira alitusikiliza kupitia mlango, akacheka mpaka akaketi chini, kisha akainuka kumweleza mkungu. Mkungu hakutaka maneno. Akataka aione hiyo dawa, akachovya kidole chake mwenyewe, akakiosha, akakisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, mpaka rubisi ikaisha, kidole kikabaki zambarau. Akakiinua watu wakione, akaagiza tufunguliwe, akaenda zake kidole amekificha ndani ya koti.

Jumapili niliimba kwaya na masharubu ya zambarau, na Zakaria alipoinua tarumbeta lake mchungaji mwenyewe ilibidi ageukie madhabahu.

Lakini kazi sikuiacha hata siku moja. Kesho yake tu baada ya gulio nilikuwa kibandani, kitambaa chini, kioo juu, na hivyo ndivyo tulivyofanya miaka yote niliyokaa pale. Anayekohoa tu, kitambaa kinatosha. Kupasua jipu au kuzalisha, panaporuka damu, unaongeza kioo. Kioo peke yake, usinitajie. Na malalamiko ya kujificha mdomo yalikwisha yenyewe, kwani kila nilipokiteremsha kitambaa nivute hewa, akina mama waliniambia kwa adabu, "Shikamoo dresa, tafadhali funika, watoto wanaogopa."

Nami niliweka nadhiri, na hii sijaivunja: nikitaka kujaribu kitu, najaribu nyuma ya jiko, kitu chenyewe nauvisha ukuta badala ya uso wangu, na anayepuliza namwambia apande juu ya kiti.