Ukuta Ulioitwa Maumivu

Nilipostaafu ualimu, watu wa Kibondo waliniona nimekuwa mali ya umma. Mwenye barua ya kuandikiwa alikuja kwangu, na mwenye mgeni asiyejua Kiha alikuja kwangu pia. Ndivyo nilivyojikuta kwenye mradi wa sanaa kwa wazee. Mtaalamu wake alitoka Dar es Salaam, binti wa miaka thelathini hivi, ana miwani mikubwa na boksi zima la kalamu za rangi. Alisema anatafuta mkalimani mwenye moyo. Moyo sikuwa nao. Nilikuwa mjane wa mwaka wa nne, usingizi wangu ulikuwa wa kuokoteza, na Jumatano sikuwa na kazi. Nikakubali.

Tulikutania kwenye ukumbi wa kanisa. Wazee walikuwa kumi na wawili, wengi kutoka Murungu na vijiji vya karibu, watu waliolima tangu walipoweza kushika jembe. Siku ya kwanza mtaalamu akawasimamisha, akanyoosha mikono yake juu na kufumba macho.

"Sasa sote ni miti," alisema. "Upepo unavuma. Mwambie kila mmoja ausikie upepo."

Niliwageukia wazee nikawaambia kwa Kiha, "Anataka mnyooshe mikono."

Wakanyoosha, kama watu waliosimamishwa na polisi. Mzee mmoja mwenye goti bovu akauliza kama mti unaruhusiwa kukaa. Nikamwambia akae tu.

"Amesema nini?" aliuliza mtaalamu.

"Amesema anausikia upepo."

Hapo ndipo nilipoanza kudanganya, na sitajifanya kwamba sikuona raha.

Ziligawiwa karatasi zenye nyuso tatu za katuni: mmoja unacheka, mmoja umenuna, mmoja unatoa machozi. Kila mzee alitakiwa kuweka alama kwenye uso unaofanana na moyo wake kabla ya kuchora, kisha aweke tena baada ya kuchora. Wazee walizigeuzageuza zile karatasi wakitafuta ni nani hao. Mwishowe wote waliweka alama kwenye uso unaocheka, kwa sababu mmoja wao alihisi kwamba wanaolia watanyimwa soda. Mtaalamu alizikusanya akaniambia kwa furaha kwamba kundi hili lina nguvu kubwa ya ndani. Nilimwangalia nikakumbuka wanafunzi wangu wa darasa la tatu. Wao angalau walikuwa wanajua wanapodanganywa.

Jumatano iliyofuata alisema, "Leo tutachora huzuni zetu."

Jaribu kuliweka hilo kwenye Kiha mbele ya mtu wa miaka themanini bila kucheka. Nikawaambia wachore kinachowasumbua. Yule mzee wa goti akachora mbuzi. Alikuwa mbuzi mzuri, ana ndevu na pembe, tumbo limejaa. Mtaalamu alimtazama kwa muda mrefu.

"Huyu mbuzi yuko peke yake," alisema kwa sauti ya chini. "Muulize kama anajisikia mpweke."

Nikamuuliza mzee kama mbuzi alikuwa peke yake.

"Walikuwa wawili," akajibu, "wote wa jirani yangu. Wamemaliza maharage yangu. Huyo wa pili nimeshindwa kumchora."

"Anasema ndiyo," nilimwambia mtaalamu, "kidogo."

Akaandika kwenye daftari lake. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu barabarani, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejipatia chakula kipya: dharau. Niliila Jumatano nzima, na Alhamisi nikala kiporo.

Katika kundi hilo kulikuwa na mama mmoja wa Murungu. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana, mzigo kichwani. Sasa ni raia kama mimi, na wajukuu zake wanacheka Kirundi chake. Alikuwa mrefu, mkavu, si msemaji sana. Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko mwili ulivyostahili. Jumatano mbili za mwanzo hakuchora kitu. Alishika kalamu ya rangi akainusa, akairudisha mezani kama mtu aliyepewa samaki aliyeoza.

Jumatano ya tatu alichukua kalamu ya kahawia, akaivunja vipande viwili, akalaza kipande kwenye karatasi na kuanza kusugua kwa ubavu wa kalamu. Alisugua mpaka weupe wote ukaisha. Kisha akachukua nyeusi akapitisha mistari ya kupanda na kushuka, kutoka pembe hadi pembe, bila kuinua mkono. Ukumbi ulikuwa na kelele za soda na maandazi, lakini yeye alikuwa kama hayupo.

Mtaalamu alipiga magoti kando yake. Hilo lilinishangaza, maana alikuwa amevaa suruali nyeupe na sakafu yetu ni ya vumbi.

"Mama," alisema, "unajisikiaje ukipaka hivi?"

Nikatafsiri swali, safari hii bila kulipunguza. Yule mama hakuinua macho.

"Nyumba yangu ya kwanza hapa niliisiriba mwenyewe," alisema kwa Kiha chenye Kirundi ndani yake. "Udongo mwekundu chini, mweupe wa bondeni juu, na mistari ya masizi. Kila mwaka kabla ya Noeli nilianza upya. Mwaka aliofariki binti yangu watu walikuja, wakaimba, wakaondoka, na mimi sikulia. Walisema nina roho ya jiwe. Siku ya tatu nikakanda udongo, nikasiriba nyumba nzima, nje na ndani, sikula. Nilipofika ukuta wa mwisho nikalia mpaka udongo ukalowa. Sasa mwanangu amejenga nyumba ya saruji. Ni nyumba nzuri, simlaumu. Lakini ukiushika ule ukuta, haukushiki. Sina pa kuweka mikono yangu."

Akaendelea kusugua. Mtaalamu alinitazama, anasubiri.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilifanya nilichofanya. Ilikuwa karibu saa nane, nilikuwa na njaa. Lakini njaa si sababu. Nilimtazama yule binti na miwani yake, na daftari lake, na kalamu yake tayari, nikaona hastahili. Nikaona maneno yale yataingia kwenye daftari pamoja na mbuzi.

"Anasema anapenda kupaka rangi," nilisema.

"Basi? Ameongea sana."

"Kiha ni kirefu."

Mradi ulifungwa kwa maonyesho Kasulu. Tulipanda gari la mradi asubuhi, wazee wamevaa fulana za njano zenye maandishi mgongoni ambayo wengi wao hawakuweza kuyasoma. Ukumbi ulikuwa na maua ya plastiki, spika za kupasua masikio, na mgeni rasmi aliyechelewa kwa saa mbili na kuhutubia kwa moja. Alisema wazee ni hazina. Wageni rasmi husema hivyo kila wakipewa kipaza sauti, kisha wanapanda gari.

Michoro ilibandikwa ukutani, kila mmoja na kikaratasi chini yake. Chini ya mbuzi paliandikwa "Upweke." Mzee wa goti alikuwa anawaonyesha watu mbuzi wake kwa fahari, nikamwacha na fahari yake.

Mama wa Murungu alisimama mbele ya karatasi yake ya kahawia yenye mistari myeusi. Mgeni rasmi alikuwa ametikisa kichwa mbele ya mchoro huo kwa masikitiko, na mpiga picha akapiga picha yale masikitiko. Yule mama akanivuta mkono.

"Mwalimu, pameandikwa nini hapa?"

Nilisoma kimoyomoyo. Paliandikwa "Maumivu ya Ukimbizi."

Ningeweza kumdanganya hata yeye. Nilikuwa nimeshazoea. Lakini alikuwa amenishika mkono kwa ile mikono yake, na uongo haukutoka. Nikamwambia.

Alitazama kikaratasi, akanitazama mimi.

"Lakini nilisema ni ukuta wangu. Nilisema mbele yako."

"Ulisema, mama."

"Kwa hiyo hukumwambia?"

Hakunifokea. Aliuachia mkono wangu taratibu akaenda kukaa kwenye kiti cha mwisho, karibu na mlango. Nimewahi kutukanwa na wazazi wa wanafunzi, nimewahi kutukanwa na mkaguzi. Hakuna lililonipata kama ule mkono kuachiwa.

Mtaalamu alikuwa ameona. Alinifuata nyuma ya ukumbi, kwenye matangi ya maji.

"Mwalimu, kuna nini?"

Nikamweleza yote. Binti aliyefariki, ukuta wa mwisho, nyumba ya saruji. Nikaongeza mbuzi wawili na wale miti waliosimamishwa na polisi, maana niliona kama ni kutapika, nitapike vyote. Alisikiliza hadi mwisho. Macho yalimjaa machozi, nami, nitasema ukweli, hata hapo nilimdharau kidogo kwa kulia haraka hivyo.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Niliona hutaelewa."

"Ulijaribu kunieleza, mama?"

Miaka thelathini na nne nilisimama mbele ya watoto nikiwaambia hakuna mjinga, kuna asiyefundishwa, na hapa sikuwa nimemfundisha huyu hata sentensi moja. Alijifuta uso kwa kiganja, akarudi ndani, akabandua kile kikaratasi mbele ya wageni, akaandika kipya kwa mkono: "Ukuta." Kisha akaenda kwenye kiti cha mwisho akapiga magoti tena. Hakuniita nitafsiri. Sijui walielewana vipi, mmoja na Kiswahili cha mjini na mwingine na Kirundi chake, lakini walikaa hivyo muda mrefu kuliko hotuba.

Baada ya wiki mradi uliondoka na boksi lake. Bila shaka iliandikwa ripoti, na bila shaka wazee wote ndani yake wanacheka.

Mimi nilikaa siku kumi nikijitetea kwa kuta za chumba changu. Siku ya kumi na moja nilipanda bodaboda hadi Murungu. Nilimkuta anachambua maharage kwenye baraza ya ile nyumba ya saruji, iliyopakwa rangi ya bluu inayong'aa kama bakuli la plastiki. Niliomba msamaha kwa Kiha, vizuri, kwa kirefu. Alinisikiliza kama anavyosikiliza redio. Nilipomaliza akauliza, "Wewe una jiko la nje?"

"Ninalo. La tofali mbichi."

"Limesiribwa?"

"Tangu mume wangu afariki, hapana."

"Basi unapika kwenye kichuguu," alisema.

Alikuja Jumamosi na mifuko miwili ya udongo mweupe. Alinidharau tangu dakika ya kwanza. Nilikanda vibaya, niliweka maji mengi, nilishika udongo kwa ncha za vidole kama mtu anayeokota mende. "Mwalimu, huo ni ukuta, si daftari," alisema. Niliacha kujibu nikafanya kama anavyofanya, kiganja kizima, kutoka chini kwenda juu. Saa fulani, sijui ilikuwa saa ngapi, nikajikuta ninamsimulia jinsi mume wangu alivyokuwa anakaa mlangoni pa jiko hilo akinisomea makosa ya mapishi. Sikuwa nimemsimulia mtu. Yeye hakusema pole, hakuandika kitu. Alisema, "Hapo umeacha shimo."

Mwanaye alifika jioni kumchukua, mtu mzima mwenye duka, shati limepigwa pasi. Alisimama uani akimtazama mama yake alivyojaa udongo hadi viwikoni, nikamwona anatafuta maneno ya kumkemea kwa heshima. Kisha akaiona ile mistari myeusi ya kupanda na kushuka, ambayo mama yake alikuwa ameshaichora kwa masizi ukutani.

"Mama," alisema, "hii si ilikuwa ya kule kwenye nyumba yetu ya udongo?"

"Ya wapi kwingine?"

Mwanaye alisogea karibu na ukuta. Akavua saa, akaiweka kwenye kinu changu, akakunja mikono ya shati na kuomba aachiwe sehemu ya pembeni. Alisiriba kwa bidii, akatokwa jasho, na alipomaliza alisogea nyuma kuitazama kazi yake kama fundi mkuu. Kazi ilikuwa mbovu kuliko hata yangu. Mama yake alisubiri mpaka alipokwenda bombani kunawa, akachota udongo, akaifuta yote, akaanza upya.