Mbuzi wa Sidab na Tiketi Yangu ya Kurudi

Nyinyi vijana wa nyumba hii, mnaoshinda mmeinamia simu, inueni vichwa msome na hiki cha bibi yenu. Mimi chuoni nlikhitimu msahafu, lakini skuli nliishia darasa la tatu, basi msikae kunihesabia makosa. Nnataka mjue nlivyokwenda Maskat kwa siku kumi nkakaa miezi mitano.

Aliyenitoa nyumbani ni Salma, binti yangu wa pili. Alipiga simu mara tatu kwa wiki moja. "Mama, njoo. Huku baridi imeingia, skuli zimefungwa, na kuna sikukuu ya kivuli." Sikukuu ya kivuli! Nkamwuliza imeandikwa kitabu gani. Akacheka, lakini kile kicheko alikikata katikati, nami shaka ikaniingia hapo hapo. Wenzangu wawili wa mtaa huu waliitwa na watoto wao vivyo hivyo, kutembea tu. Leo milango yao ina makufuli, na wao wako ghorofani ugenini wanatazama ukuta. Nkamwambia Salma: siku kumi, na tiketi ya kurudi nnaishika mwenyewe.

Alasiri ndege yetu ilishuka Maskat. Waliokuja kunipokea ni mkwe wangu Nasir na binti yake Zuwena, wa miaka tisa, amevaa koti zito utadhani yuko ndani ya barafu.

"Salma yuwapi?"

"Ana mafua, Mama," alisema Nasir, akaliwahi sanduku langu asiulizwe la pili.

Njiani alisimama penye kibanda akapiga honi, mtu akatoka mbio na vikombe vya chai ya maziwa. Wanakunywa humo humo garini. Zuwena akanieleza sikukuu yake. Mwalimu aliwahadithia kuwa nchi za theluji kuna mnyama hutolewa shimoni katikati ya baridi. Akikiona kivuli chake hurudi ndani, na baridi huendelea wiki sita.

"Sisi tutamtoa mbuzi wa kijijini Sidab," alisema. "Akikiona kivuli, baridi inabaki na wewe Bibi unabaki wiki sita!"

"Asipokiona?"

"Unaondoka Jumapili ile ya tiketi yako."

Nkamtazama Nasir kwenye kioo. Ameikodolea macho njia kama mtoto wa mtihani. Nchi isiyokuwa na wingu, mbuzi atakikosa vipi kivuli? Mchezo umeshapangwa, na mchezewa ni mimi.

Nyumbani kwao mtaa wa Darsait, ghorofa ya tatu, Salma alikuwa kwenye kochi na blanketi hadi kidevuni. Akanibusu mkono vile vile amekaa, hakuinuka. Chumba nlichopewa kina kitanda kipya, na kabati zima tupu. Mgeni wa siku kumi ana nguo ngapi za kujaza kabati zima? Baada ya kula, Nasir akasimama kuosha masahani. Mwanamme anaosha masahani mbele ya mama mkwe, na mkewe anamtazama tu! Nkafunga mlango, tiketi nkaiweka chini ya mto.

Siku ya nane, Ijumaa adhuhuri, nlipanda darini juu ya paa na Zuwena, nkakipima kivuli changu kwa nyayo kama tunavyopima kwetu kujua vipindi vya sala. Unguja wakati huo hakifiki nyayo mbili. Pale nkahesabu sita na kitu. Nkashuka mbio.

"Nasir! Saa zenu za uongo. Alasiri hii inakaribia na nyinyi mnasema adhuhuri."

"Mama, huku jua la baridi linapita chini, kivuli kinarefuka."

"Hata jua mmelipinda?"

Zuwena alicheka hata akakaa chini. Baadaye tulichezesha vivuli ukutani kwa mikono, nkamfanyia sungura na jogoo. Furaha nliipata, sitaki kusema uongo. Lakini tiketi nliilalia.

Jumamosi asubuhi tulikwenda Sidab, kwa Bi Thuwaiba, shangazi yake Nasir, mwenye mbuzi. Kumbe wingu limefunga juu ya majabali, na mvua inatonyatonya. Salma alibaki garini na blanketi lake, mlango wazi. Zuwena akasimama na bango la karatasi, zizi likafunguliwa, mbuzi akatoka. Akatazama chini. Hakuna kitu. Akalifuata bango akaanza kulila.

"Khalas, yamekwisha!" nkasema. "Jumapili nnaondoka."

Mara nkamwona Nasir kachutama nyuma ya mbuzi, kawasha taa ya simu. "Mama, tazama! Kivuli kile!"

"Ewe Nasir," alisema Bi Thuwaiba, "jua gani hilo la kutoka mfukoni?"

Nkafungua mdomo nimpashe. Ndipo nkasikia kilio. Salma alishuka garini, blanketi likadondoka, na tumbo lake nkaliona. Miezi sita.

"Mama, usiende," alisema. "Mara mbili nlikwambia nna mimba, na zote mbili zikatoka. Hii nliogopa hata kuitamka. Daktari kaniambia nikae, nami nnakaa nnatetemeka. Nlitaka uwepo tu."

"Si ungesema, Mama nnakutaka?"

"Ungeuliza sababu."

Ningeuliza. Ningeuliza mpaka aseme. Nkaliokota blanketi nkamfunika, nkamwambia Nasir aizime taa yake akaibadilishe tiketi.

Alijifungua mtoto wa kike salama. Nlimkanda, nkampikia uji wa pilipili manga, arubaini ikatimia. Siku ya kuondoka Maskat ilikuwa inaunguza. Nkashuka Unguja nkakuta kipupwe, na mlango wangu haukutiwa kufuli kama milango ya wale wenzangu.

Nliyojifunza ni haya. Nlikwenda kutafuta hila, na kila hila nliiona: kabati, masahani, taa ya mfukoni. Mwanangu kakaa mbele yangu siku zote zile, sikumwona, kwa sababu nlikuwa nnailinda tiketi. Hilo linaniuma hadi leo.

Jioni ile ile nliyorudi, mjomba wenu alilichukua sanduku langu kulipandisha juu ya kabati. Nkamzuia, nkawaamuru nyote mliokuwapo: "Literemsheni. Lifuteni vumbi, mliweke hapo karibu na mlango, na mtu asiliguse mpaka nitakapoitwa tena."