Mama Alitaka Mfalme Aambiwe

Mdogo wangu alifariki ughaibuni, mvua za masika zikiwa zimeshika vizuri hapa Kiruruma. Shemeji alinipigia mimi badala ya mama, kwa sababu Kiswahili chake ni cha kuokoteza na Kinyambo, lugha ya kwetu, hajui kabisa. Nilikuwa ofisi ya walimu nikisahihisha mitihani.

"Kaka," alisema, "amelala. Hakuamka."

Nilijua anaugua, nikadhani anatafuta neno "amelazwa". Nikamwuliza yuko hospitali gani. Alipoanza kulia ndipo nilipoelewa.

Mdogo wangu alikuwa muuguzi katika hospitali ya Nyakahanga. Huko ndiko alikokutana na huyo mwanamume, fundi umeme aliyeletwa na wageni wa kanisa kuja kufunga mitambo. Walifunga ndoa hapa kwetu, kisha akamfuata kwao, nchi ya baridi kaskazini, yenye mfalme na waziri mkuu. Hawakujaliwa mtoto. Kila Jumapili mama alipotoka kanisani alikaa na simu mapajani akiisubiri iite, na iliita.

Nilichukua bodaboda mpaka nyumbani. Mama alikuwa kibanjani akikata majani makavu ya migomba. Nilipomwambia, alikaa chini pale pale kwenye matandazo, kisu bado mkononi. Alichouliza kwanza ni, "Watamleta lini?"

Jirani zetu walifika, na mwenyekiti wa kitongoji akawapanga: wa kuteka maji, wa kuni, wa kufunga turubai. Mama mwenyewe aliwaonyesha wanaume mahali, kando ya kaburi la baba, wakang'oa visiki vya migomba na kusafisha. Kuchimba wangesubiri mwili.

Shemeji akapiga tena. Alisema atamzika huko, karibu na nyumba yao. Nilimsihi. Nikamwambia kwetu binti hazikwi na upande mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Samahani, kaka. Mke wangu atabaki na mimi."

Hapo ndipo tulipoanza kupanda ngazi za viongozi. Mtendaji wa kijiji, kijana mwenye adabu, alimwamkia mama shikamoo, akaandika barua ya kuthibitisha kwamba huyu ndiye mzazi wa marehemu. Mtendaji wa kata akagonga muhuri. Kayanga, kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya, afisa mmoja alitukaribisha viti na kusoma kila kitu kwa makini.

"Mwalimu," aliniambia, "sisi mamlaka yetu yanaishia mpakani. Lakini nitawasukumia barua hizi ubalozini."

Alifanya hivyo kweli. Mama mmoja wa ubalozini alinipigia siku chache baadaye na kunieleza kwa upole mambo ya kule: ndugu wakishindwa kuelewana juu ya maziko, kwanza ofisi ya makaburi inawapatanisha. Ikishindikana, gavana wa jimbo anaamua. Mfalme haingii, waziri haingii, hata meya haingii.

Tukapatanishwa kwa simu, na mkalimani katikati. Hatukupatana. Mama alirudia neno moja tu, kwamba anataka kumwona mwanawe. Halafu uamuzi wa gavana ukaja. Ulisema mume ndiye aliyeishi naye, na kwamba marehemu, alipoanza kuugua, alimwambia mumewe angependa kulala karibu na mahali alipoishi.

Nilimtafsiria mama tukiwa jikoni. Alikuwa akimenya ndizi na hakuacha.

"Alisema hivyo mwenyewe?"

"Ndivyo walivyoandika, mama."

"Alimwambia kwa lugha gani?"

Mpaka leo sijui. Nimejaribu kumsikia mdogo wangu akiyasema maneno yale, kwa Kinyambo, kwa Kiswahili, kwa lugha ya huko aliyojifunza ukubwani, na kila nikijaribu naisikia sauti yake ikiuliza tu kama mvua imenyesha na kama kahawa imetoa maua.

Mama aliweka sufuria motoni, akasema, "Huko si kuna mfalme? Na yeye aambiwe."

Mimi nafundisha Uraia. Nikaanza kumweleza vilevile ninavyowaeleza wanafunzi: katika ufalme wa kikatiba mfalme ni mkuu wa nchi lakini haongozi serikali. Bunge linatunga sheria, waziri mkuu na mawaziri wanaendesha nchi, magavana na mameya wana kazi zao. Mfalme anafungua bunge, anapokea mabalozi, anatia saini.

"Na mtu akionewa?"

"Anakwenda mahakamani."

"Na mahakama isipomwona?"

"Anakata rufaa, mama."

"Kwa nani? Si kwa mfalme?"

Kwa Kinyambo mfalme ni Mukama, na Mungu naye ni Mukama. Tangu utotoni mama anasali kwa jina hilo. Ndipo akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alipokuwa mtoto kwao Kibingo, kabla serikali haijaondoa machifu, mkungu, yaani chifu mdogo wa eneo lao, alimnyang'anya babu kibanja. Babu alitembea kwa miguu mpaka Bweranyange, kwenye makao ya Mukama, mama akimfuata na kibuyu cha maji. Walisubiri nje na watu wengine. Babu alipoitwa alipiga magoti, akasema neno lake, na Mukama akamsikiliza bila kumkatiza. Kibanja kilirudi.

"Alimsikiliza," mama alirudia. "Hata asingekirudisha, alimsikiliza."

Basi tukaandika. Mama alisema, mimi nikaandika kwa Kiingereza kwenye simu. Alimwamkia kwanza. Akauliza hali ya mke wake na watoto. Akamwambia alizaa watoto wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na wa kike yuko kwake. "Mrudishe," alisema. "Sina ugomvi na nchi yako." Mahakama ilikuwepo, lakini muda wa rufaa ulikuwa unaisha na wakili wa huko hatukuwa naye, nikaona nisimnyime mama barua hiyo.

Majibu yalikuja haraka kuliko nilivyotarajia, kutoka kwa katibu wa kasri. Mfalme alikuwa ameguswa na msiba wetu na alitupa pole. Kwa mujibu wa katiba hawezi kuingilia maamuzi ya mamlaka husika. Ilikuwa barua nzuri, yenye heshima, na kila neno lilikuwa sahihi. Ningeweza kuisoma darasani.

Nilimsomea mama. Alivuta kanga begani.

"Kwa hiyo huko hakuna mtu wa kupigiwa magoti," alisema.

Siku ya maziko shemeji alituonyesha ibada kwa mkutano wa video kwenye simu. Ilikuwa mchana. Tuliegemeza simu kwenye kikombe juu ya meza, jirani wakasogea chini ya turubai. Tuliona jeneza jeupe, watu wachache wenye makoti meusi, theluji chafu pembeni. Mchungaji alisoma, kisha wote wakasimama kimya, mikono imeshikana mbele.

"Nani anamwimbia?" mama aliuliza.

Hakuna aliyekuwa akiimba. Mzee mmoja wa kanisa letu akaanzisha wimbo, kina mama wakaupokea, na ukapanda mpaka ukawa mkubwa kuliko mvua iliyokuwa ikipiga turubai. Mama aliinamia simu akiimba, mdomo wake karibu kugusa kioo. Mimi nilikuwa kando yake, nikaona pembeni alama ndogo ya kipaza sauti kilichopigwa mstari: shemeji alikuwa amezima sauti yetu, pengine tangu mwanzo, ili kelele zisiharibu ibada. Sikumwambia mama. Niliimba naye mpaka jeneza likapotea.

Shemeji alikuja wakati wa kiangazi. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa za kijivu. Mama alimpa kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa mgeni, akamwacha apumzike. Kisha akauliza kaburi likoje. Shemeji alimweleza juu ya mti ulio karibu na jiwe lenye jina, na kwamba huenda pale kila Jumapili. Kwa kuwa ni mtu mkweli, akaongeza kwamba mahali pale pamekodiwa kwa miaka kadhaa, kama ilivyo desturi yao, na muda ukiisha atalipia tena akiwa hai.

Niliyatafsiri yote.

"Na yeye akifa?" mama aliniuliza. "Watampeleka wapi mwanangu?"

Nilimgeuzia shemeji swali. Aliinama akafunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakitikisika. Mama alisogeza kigoda chake, akakaa karibu naye, akamwekea mkono mgongoni, na wote wawili wakalia pale, kila mtu kwa lugha yake, na mimi nikawa sina cha kutafsiri.